Mwalimu wa Kuanguka

Kwa miaka tisa niliyokuwa jirani yake pale mtaa wa Umbilo, Durban, sikumwona Kine akimgusa mgonjwa hata mara moja.

Nalitanguliza jambo hili kwa sababu watu wasiomjua hawaliamini. Kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, kine ni mtu anayenyoosha viungo kwa mikono yake. Anakukamata goti, analipinda, anakukanda mpaka unamwita mama yako, halafu unatembea. Huyu wetu aliweka mikono nyuma ya mgongo, kidole gumba kimoja kimeshika kingine, akakutibu kwa mdomo. Alikuwa ameisomea kazi hiyo na kuifanya hospitalini miaka mingi kabla vita havijamleta Durban, diploma yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hapa diploma ile haikutosha. Ilibidi afanye mtihani wa hapa, kwa Kiingereza, aandikishwe, apewe karatasi. Naye aliapa kwamba mpaka karatasi hiyo ije, hatamgusa mtu.

"Nikigusa mutu leo bila papier," alikuwa akituambia, "siku papier itafika, itanikuta niko mwizi."

Tulimwona mwendawazimu. Katika jengo letu alikuwepo mtu anayeng'oa meno jikoni kwake na mwingine anayeendesha taxi bila leseni, na wote wawili walilala usingizi mnono. Kine peke yake, mwenye diploma ya kweli, ndiye aliyeogopa kumshika mtu kifundo cha mguu. Jambo alilolitaka kuliko yote lilikuwa hilo tu, kurudi kuweka mikono yake juu ya mgonjwa, na ndilo alilojinyima.

Mikono yenyewe ilikuwa mikubwa kupita kimo chake. Alikuwa mfupi, kifua kipana, viatu vimechongoka mbele na vinang'aa hata siku ya mvua. Jumamosi mchana alikuja kukaa saluni kwetu, mimi nikisuka kiti cha kwanza na rafiki yangu Mama Neema akisuka cha pili. Mteja akigeuza shingo vibaya, ungemwona Kine anashtuka, kisha anaikalia mikono yake, kweli anaikalia, kama mtu anayezuia kuku wawili wasitoroke.

"Dada, teremusha kidevu," anasema. "Doucement, polepole. Sasa vuta pumuzi. Voilà."

Na shingo inapoa. Sijui alifanyaje. Nadhani mtu akikutazama shingo kwa hamu kiasi kile, shingo yenyewe inaona aibu.

Ni yeye aliyetufanya tukate miguu ya viti vya saluni. Alikuwa ametutazama wiki kadhaa, akaona sisi wasusi tunashinda viwiko vikiwa juu kama watu walioelekezewa bunduki. Akamwambia mwenye saluni kwamba mkono wa kusuka haupaswi kupita bega, na kama mkono hauwezi kushuka, basi kichwa cha mteja kishuke. Mwenye saluni alipiga kelele, akamwambia aende akakate vitanda vyake. Baada ya siku tatu akaleta msumeno mwenyewe. Wateja walilalamika kwamba wanakalishwa kwenye vigoda kama wako kwa bibi zao, lakini sisi tuliacha kurudi nyumbani mabega yakiwaka moto. Hakuna aliyemshukuru. Kine hakuwa mtu wa kushukuriwa kwa urahisi, maana kabla hujafungua mdomo alikuwa ameshaanza kukukosoa unavyosimama.

Kazi yake ya kula ilikuwa magodoro. Alipakia, alipakua na kuuza katika duka moja la magodoro la mtaani kwetu. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Durban, ambaye wazee wake walitoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana, mtu mpole mwenye kofia iliyofuliwa vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kizulu mpaka Kine alidai ni lugha ya tatu. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi tisa. Miezi mitatu ya baridi, kuanzia mwezi wa sita, Kine alipanda milimani, karibu na mpaka wa Lesotho lakini upande wetu huu, mahali watu wanapokwenda kuteleza kwenye theluji kwa mbao za skii. Mteja mmoja aliyenunua magodoro ya nyumba ya wageni huko ndiye aliyemchukua mara ya kwanza, kwa sababu alimwona anabeba magodoro mawili peke yake. Kule alipewa kibanda cha kukodisha vifaa. Kutwa nzima aliwavisha watu viatu vikubwa vya plastiki, akawafunga kwenye mbao, akawapa fimbo mbili za kushika.

Mwaka wa kwanza alirudi midomo imepasuka, lakini macho yanawaka. Alikuwa amegundua kitu.

"Goti kila mutu anaogopa," alituambia saluni. "Wanafunga goti, wanaombea goti. Bega hakuna mwenye anawaza. Kumbe njo bega yenyewe inakuja kwangu pale kibandani, mutu ameshika mukono wake kama mutoto mugonjwa, analia."

Tangu hapo mabega yakawa ugonjwa wake yeye. Alimwambia kila aliyekodi vifaa kwake azungushe mikono kabla ya kwenda mlimani, mara kumi mbele na mara kumi nyuma, na asipitishe mkono kwenye ukanda wa fimbo bila kujua namna ya kuutoa haraka. Matajiri wa watu walikuwa wanamcheka. Kiingereza chake kilikuwa kibaya, na alitumia mwili wote kukieleza. Wengine walizungusha mikono ili tu awaachie njia. Yeye hakujali kwa nini wanazungusha, mradi wamezungusha.

Na yeye mwenyewe hakujua kuteleza. Hilo nalisema kwa furaha. Aliuogopa mlima ule vibaya sana. Nilimwona anashuka mara moja tu, amekalia gunia la plastiki, amefumba macho, anaimba zaburi kwa sauti ya besi mpaka alipofika chini. Alipofumbua macho aliniambia kwamba alikuwa anachunguza ubora wa theluji.

Kanisa letu lina desturi ya kukodi basi kila mwezi wa saba kwenda kuiona theluji. Sijui nani aliianza. Watu waliozaliwa kando ya ziwa, wanaoishi kando ya bahari, wanasafiri siku nzima, wanalala huko chumba kimoja watu sita, ili asubuhi wapigwe picha wameshika kitu cheupe na kuwatumia ndugu zao Bukavu na Uvira. Mwanzoni tulikuwa tunaitazama tu. Baadaye vijana wakaanza kukodi mbao, kisha kina mama nao, na hapo Kine akaona lazima aingilie kati.

Akaanzisha darasa. Jumamosi tatu za mwezi wa tano, kabla hajapanda mlimani, alitandika magodoro yaliyochanika uani nyuma ya duka, akaliita kanisa zima lije kujifunza kuanguka. Mama wa kwaya mwenye kilo zake alipanda juu ya kreti, Kine akasimama pembeni, mikono nyuma, kama refa.

"Anguka!"

"Papa Kine, naogopa."

"Utaogopa kule juu, hapa ni godoro. Anguka! Hapana, hapana! Juu ya nini, kwa nini unanyoosha mukono? Usisalimie chini, Mama. Chini haihitaji salamu yako."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Mtu anayeanguka hunyoosha mkono ili ajizuie, na uzito wote wa mwili unapita kwenye mkono ule mpaka begani, na bega linatoka. Basi usiunyooshe. Tupa fimbo. Mikono ilete mbele ya kifua kana kwamba umeshika sahani ya wali, kidevu kishuke, uende ubavu, paja na tako vitangulie. Tako, alisema, Mungu alilitengeneza kwa kazi hiyo. Shemasi mmoja alikuja na suti akakataa kulala chini mbele ya wanawake, na Kine akamwambia basi mwaka huu asiende popote zaidi ya dirisha la basi. Mwenye duka alitoka na chai yake, akawatazama kina mama wanavyojibwaga huku wakicheka mpaka machozi.

"Eish, Kine," alisema. "Wakishajua kuanguka vizuri hivi, nani atanunua godoro?"

Mimi sikwenda darasani. Jumamosi ni siku yangu ya wateja, na kusema kweli nilimcheka. Nilimwambia Mama Neema kwamba mimi nimeanguka tangu utoto bila mwalimu. Mama Neema alikwenda Jumamosi zote tatu, akarudi na nyasi kichwani, ameridhika.

Mnajua Durban. Mwanamke akitembea mjini na mkoba, anauzungusha ukanda kwenye kifundo cha mkono mara mbili, anaukaza, ili kijana akiupitia mbio auache. Nimefanya hivyo miaka yote, hata kanisani. Mwezi wa saba, basi la kanisa lilipotufikisha kule juu nami nikapewa fimbo za skii, nikaona kila moja ina ukanda wake, mkono ukafanya kazi unayoijua. Nikazungusha mara mbili, nikakaza. Kine alikuwa ndani anamvisha mtu viatu, hakuniona. Nikasogea hatua kumi, labda kumi na mbili, mbao zikanipeleka nisikotaka, nikaanguka. Fimbo ilizama kwenye theluji ikasimama wima, mwili ukaendelea na safari, na mkono ukabaki na fimbo. Bega langu la kulia liliondoka mahali pake, nami nikalisikia likiondoka.

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa nalilia bega, na nilikuwa nalilia kazi, maana msusi wa mkono mmoja hayupo.

Kine alikuja mbio, ameteleza mara mbili njiani. Shemasi yule wa suti alikuwa ameshafika, ameshanishika kiganja, anasema amewahi kuona kwao mtu anavutwa mkono na bega linarudi lenyewe.

"Asiguse mutu!" Sijawahi kumsikia Kine akipiga kelele namna ile. "Ukivuta unaweza kuvunja mufupa, unaweza kuharibu mishipa. Acha! Mama Neema, kuja. Toa kitenge."

Na pale kwenye theluji, watu wamesimama wanatutazama, alimwongoza Mama Neema kwa maneno tu. Kwanza afungue ule ukanda, taratibu. Asinyooshe mkono, auache ulivyo, ulivyopenda wenyewe kukaa. Akunje sweta aliweke kwapani kujaza nafasi. Kisha afunge kitenge. "Unafunga sawa na ile ya kubeba mutoto," alisema, "lakini mutoto ni mukono, na anakaa mbele." Mama Neema amebeba watoto wanne mgongoni. Alifunga mara moja, bila kukosea, na maumivu yakapungua nusu. Wakati wote Kine alikuwa amesimama juu yangu, uso umejaa jasho katika baridi ile, na mikono yake iko nyuma. Nilimwona. Nilimwona vizuri sana.

Gari la kituo likanipeleka hospitali ya mji wa chini. Walipiga picha, wakanilaza usingizi kidogo, wakalirudisha bega. Daktari aliuliza nani amefunga kitambaa kile, akasema amefunga mtu anayejua kazi. Nilikuwa na hasira.

Nilimnunia Kine karibu mwezi mzima. Nilimwambia mume wangu kwamba mtu mwenye mikono, anayekuona unakufa, akaificha, huyo si mtu. Msimu ulipokwisha, Kine alishuka kutoka milimani akabisha mlangoni kwetu, nikamwambia hayo hayo usoni, nikiwa bado na mkono kwenye mfuko wa kuning'iniza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, bila utani wake wa siku zote, "Mama Esta, ile siku, hata kama ningekuwa na papier, nisingevuta. Pale juu kazi ilikuwa kukuacha. Lakini unadhani mi sikutaka kukushika? Nililala siku mbili mikono inaniuma."

Nikamkaribisha chai. Ningefanya nini tena?

Ndipo nikawa mgonjwa wake, mgonjwa wa maneno. Alisubiri hospitali iseme mfuko unaweza kutoka, kwa sababu hakupenda kuwavuka wenye karatasi, kisha akaleta kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, alichokikata vizuri na kukiosha kwa sabuni. Mume wangu akaufunga kwenye kitasa cha mlango. Nilitakiwa kubana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, nishike mpira, nivute mkono kwenda nje, niurudishe.

"Unafungua friji, unafunga friji," alisema kutoka kwenye kochi, ameikalia mikono. "Lakini kiwiko kinabaki nyumba. Taulo ikianguka, umetoka nyumba bila kuaga."

Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Kisha kuvuta viwiko nyuma kuelekea mfukoni. Kisha kutambaza vidole ukutani, kila siku kidogo juu ya jana, na alama ya penseli. Mwenye nyumba bado ananiuliza kuhusu alama zile. Ilikuwa kazi ya kuchosha mno, na mimi si mtu mvumilivu, nilimtukana mara nyingi. Hakuna tusi lililomfika. Alisema bega lina kumbukumbu mbaya, likishatoka mara moja linajua njia, na kazi yetu ni kulisahaulisha.

Sharti moja lilikuwa gumu kuliko mengine. Kwa wiki sita nisiinue mkono wa kulia juu ya bega. Kupika nilipata namna, kuoga nilipata namna. Tatizo likawa kanisa. Kwetu, Pasta akisema tumwinulie Bwana mikono, hakuna mkono unaobaki chini, na mwenye kubaki chini anajulikana. Jumapili ya kwanza nilikaa mikono mapajani, na mama mmoja akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nina kitu moyoni. Jumapili ya pili wakaja wawili. Jumapili ya nne ukapigwa wimbo ninaoupenda kuliko zote, nikajisahau, na mkono ukapanda wenyewe.

Kine alikuwa kwenye kwaya, besi, nyuma ya wenzake kwa mpigo mmoja kama kawaida yake. Alinyamaza katikati ya wimbo. Akanyoosha kidole kutoka jukwaani, akapaza sauti mbele ya kanisa lote, "Mama Esta! Teremusha!"

Bega lilikuwa limeshacheza kidogo, nikateremsha. Muziki ukazimika. Pasta akageuka, amekasirika, akauliza ni nani anayekataza watu kumsifu Mungu. Kine akajibu, kwa heshima zote, mikono nyuma, "Pasta, Mungu anaona hata mikono ya chini. Yule anainua ya kushoto."

Tangu siku hiyo niliinua wa kushoto. Na Jumapili iliyofuata mama wale wawili nao waliinua wa kushoto peke yake, nadhani walifikiri ni ufunuo mpya.

Baada ya miezi mitano nilisuka kichwa kizima. Kilikuwa kichwa cha Mama Neema, alijitolea. Nilipomaliza nilikaa chini nikalia, na Kine, aliyekuwa pale na chai yake, akasema mistari ya upande wa kulia imepinda.

Sitaki mfikiri alikuwa mtakatifu. Alitukataza kubeba mzigo begani, na kila siku alibeba godoro begani, lile lile la kulia. Alidanganya kwenye karata mchana kweupe. Alikuwa na maringo ya viatu, na akichafuliwa alinuna mpaka jioni. Alisema Kiingereza ni lugha ya watu wenye haraka, na hakutaka kujifunza, ingawa mtihani wake wote ulikuwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo aliponiudhi kuliko popote. Mtu anataka kitu kwa moyo wote, halafu anagombana na mlango wa kuingilia.

Mtihani wa kwanza alianguka kwa sababu hiyo. Alijua kila mfupa, lakini aliujua kwa Kifaransa. Basi tukamlazimisha. Kila Jumamosi saluni, tukisuka, wateja wakamshikia karatasi zake na kumwuliza. Wateja Wazulu walimsahihisha matamshi, wakicheka. Ndani ya mwaka mmoja nusu ya wanawake wa Umbilo walijua majina ya mifupa ya bega, na Kine naye akayajua.

Mtihani wa pili aliandika vizuri sana. Alianguka sehemu ya vitendo. Alituambia mwenyewe, amekaa kwenye kile kiti kifupi, magoti karibu na kidevu.

"Kulikuwa mutu amelala pale kitandani, wamemuweka kwa mutihani. Wakaniambia mushike bega. Nikawaeleza bega yake muzuri sana, kila kitu. Wakasema, shika." Alitazama mikono yake. "Haikutoka. Ilikaa kule nyuma."

Hakuna aliyecheka. Nilielewa siku ile kwamba jambo limekuwa baya zaidi ya karatasi. Alikuwa ameizuia mikono miaka mingi mpaka imezoea, na sasa hata akiruhusiwa huenda isirudi. Akasema atajaribu mara moja tena, ya tatu, na ikishindikana atauza magodoro mpaka mwisho na hataki tena kusikia habari hiyo.

Tulimwambia ajifunze kwetu. Saluni nzima tulijitolea, mabega kumi na zaidi, yote yanauma. Alikataa. Hana karatasi. Nilimwita mjinga, nikamwita punda, na nisingejutia jina lolote. Ni Mama Neema aliyepata njia, na aliipata bila kufikiri. Yeye hukaanga mandazi ya kuuza asubuhi kabla ya saluni. Akamwambia Kine, basi, njoo unikandie unga, unga hauna habari ya sheria.

Alikuja. Kila asubuhi kwa miezi minne, kabla ya kwenda dukani, alisimama jikoni kwa Mama Neema na mikono ndani ya beseni mpaka viwikoni. Mwanzoni alikanda kama anayeogopa kuuamsha. Mama Neema anasema wiki ya tatu alianza kuzungumza na ule unga, anauuliza unaumwa wapi. Mandazi ya kipindi kile yalikuwa laini mno, watu walitoka Greyville kuja kuyanunua. Akaenda mtihani wa tatu na unga kwenye kucha.

Karatasi ilifika mwaka jana. Alikuja nayo saluni ndani ya bahasha, akaisoma amesimama, akairudia tena kwa sauti, kwa Kiingereza chake kile kile, na mwenye duka la magodoro aliyekuwa amemfuata nyuma akaanza kupiga makofi kabla hajafika mwisho. Sisi tukapiga vigelegele mpaka watu wakasimama barabarani. Nilimnyooshea bega langu hapo hapo. Akatikisa kichwa. Akasema hapa ni saluni. Akipata kliniki, nije kliniki.

Alipata kliniki ndogo huko Sydenham, ya daktari mmoja aliyehitaji mtu. Wiki yake ya kwanza nikapiga simu, nikapewa saa ya kufika, kama mtu baki. Bega langu lilikuwa zima, ila lilikuwa linakazana kidogo jioni baada ya vichwa vitatu au vinne, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilivaa nguo ya Jumapili.

Alikuwa amevaa koti la bluu lililopigwa pasi mpaka lina makali. Viatu vile vile. Akanikalisha, akachukua fomu na kalamu.

"Jina?"

"Kine, acha mchezo."

"Jina, Mama."

Nikamtajia jina langu, langu lote, na la mume wangu, na anwani ya jengo tuliloishi sote miaka tisa. Akaandika kila kitu. Aliuliza bega liliumia lini na wapi, nikamweleza yaliyotokea mbele ya macho yake, naye akayaandika kana kwamba anayasikia leo. Kisha akaenda kwenye sinki akanawa mikono. Alinawa muda mrefu. Akafuta kidole kimoja kimoja. Akarudi, akasimama upande wangu wa kulia.

"Mama Esta, unaniruhusu nikushike bega?"

"Nakuruhusu."

Hakuna kilichotokea. Nikageuka. Amesimama pale, uso umejaa jasho, na mikono iko nyuma. Niliogopa kuliko nilivyowahi kujiogopea mimi mwenyewe. Nje mtu alikuwa anaongea kwenye simu kwa Kizulu, anacheka. Nikageuza uso tena, nikatazama ukuta, nikamwacha.

Halafu nikaihisi mikono yake. Ilikuwa baridi kwa maji, mizito, na ilitua polepole, mmoja mbele ya bega na mwingine nyuma. Ikakaa tu. Kisha kidole gumba kikaanza kutembea chini ya mfupa wa mgongoni, kinatafuta, kinarudi, mpaka kikafika mahali ambapo hata mume wangu hapajui, kikasimama.

"Eh," alisema Kine. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kumbe iko hapa. Miaka yote nilikuwa nakuambia mbele, mbele, na iko hapa nyuma. Nilikuwa naongea tu."

"Ulikuwa unaongea vizuri," nilimwambia.

Alikuwa anafanya kazi. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu, imetulia, na mikono ile ikiendelea bila kuuliza njia. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu aliniambia nisisogeze mkono.

Aliniuliza kama inauma. Haikuuma hata kidogo. Nikamwambia inauma, ili aendelee.